Vyombo vya kwanza vya muziki nyumbani: nianze na spika, amplifaya au chumba?

Mgeni wa Sauti

Shikamooni wakubwa, na salamu kwa wenzangu wa rika.

Kwa miaka mingi nimesikiliza muziki kwa simu na kijispika kimoja cha Bluetooth kinachokaa juu ya kabati. Sasa nimejiwekea akiba ya kununua vyombo vyangu vya kwanza vya maana, yaani spika mbili, amplifaya na kitu cha kuchezeshea muziki wenyewe, na shida niliyo nayo si uhaba wa ushauri bali wingi wake. Muuzaji wa kwanza niliyemwendea alisema nusu ya fedha iende kwenye amplifaya kwa sababu ndiyo yenye nguvu. Wa pili akasema amplifaya zote ni zile zile na spika ndizo zinazoimba. Wa tatu alinionyesha seti ya plastiki yenye taa za rangi, iliyoandikwa wati 5,000 kwenye katoni, akashangaa kuona bado nauliza maswali.

Chumba nitakachotumia kina urefu wa mita 4, upana wa mita 3.2, na dari liko mita 2.6 kutoka sakafuni. Sakafu ni vigae vitupu, kochi limeegemezwa ukuta wa nyuma, na ukuta mmoja wa pembeni nachangia na jirani, kwa hiyo sina mpango wa kupiga muziki kwa kishindo. Napenda bendi zenye magitaa, besi inayoeleweka, ala za kupuliza na waimbaji ambao maneno yao yanasikika. Isitoshe, marehemu baba aliniachia santuri zipatazo 60, ambazo sijazisikia tangu mashine yake ilipoharibika. Naomba kujua nigawe fedha vipi, wati ngapi zinatosha, spika ziwe zile ndefu za kusimama sakafuni au ndogo za kuwekwa juu ya stendi, na kama mashine ya santuri inaweza kuunganishwa na amplifaya yoyote ile.

Fundi Mstaafu

Marahaba, mwanangu. Nianze na ile katoni ya wati 5,000, kwa kuwa ndiyo inayowapoteza wengi. Chukua chombo hicho, kigeuze, utafute kibandiko cha nyuma kinachoonyesha umeme kinaoutumia. Usishangae ukikuta wati 60 au 80. Chombo kinachovuta wati 60 kutoka kwenye soketi hakiwezi kuzipa spika wati 5,000 kwa muda wowote wa kueleweka. Tarakimu za namna hiyo huandamana na herufi PMPO, na hakuna kanuni moja inayokubalika ya kuzipima, kwa hiyo kila kiwanda hujiandikia kinachokipendeza. Wewe tafuta wati za mfululizo kwa kila upande, zikiwa zimetajwa pamoja na ukinzani wa spika (hupimwa kwa omu), kwa mfano wati 40 kwa omu 8.

Sasa, wati ngapi zinatosha? Hilo halijibiki bila kuangalia spika. Kila spika ya maana huandikiwa usikivu wake, yaani ni desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) ngapi inazotoa ikipewa wati 1 na kupimwa umbali wa mita 1. Spika nyingi ndogo za nyumbani huangukia kati ya 84 na 90. Kuongeza desibeli 3 kunahitaji wati mara mbili, na kuongeza desibeli 10, ambako sikio hukuona kama sauti imeongezeka takribani maradufu, kunahitaji wati mara kumi. Ndiyo maana spika ya desibeli 84 itadai wati nne pale ambapo ya desibeli 90 inaridhika na wati moja. Katika chumba chako utakaa mita 2 hivi kutoka kwenye spika. Spika mbili za desibeli 86, kila moja ikipewa wati 1, zitakufikishia hapo ulipo zaidi ya desibeli 80, na hiyo tayari ni sauti ya kumfanya jirani agonge ukuta. Wati zilizobaki ni akiba ya vishindo vya ghafla, mpigo wa ngoma au tarumbeta inapoingia. Wati 30 hadi 50 za kweli zitakutosha na kubaki. Amplifaya iitwayo NAD 3020, iliyotoka mwaka 1978 na kupata sifa kubwa, iliandikwa wati 20 tu kwa kila upande.

Kuhusu fedha, mimi niko upande wa muuzaji wa pili, ingawa ametia chumvi. Spika ni karatasi, mpira, sumaku na mbao zinazolazimishwa kutikisa hewa, na kazi hiyo ni ngumu mno kuliko kukuza mkondo wa umeme. Kwa hiyo spika mbili za bei moja zinaweza kutofautiana kama usiku na mchana, ilhali amplifaya mbili zilizotengenezwa vizuri huhitaji utulivu kuzitofautisha. Weka nusu ya fedha au zaidi kwenye spika bila wasiwasi.

Hata hivyo, kabla ya spika kuna chumba, na hicho hakuna muuzaji aliyekutajia kwa sababu hakiuzwi dukani kwake. Sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde, na kati ya kuta mbili zinazotazamana kuna sauti nzito inayokwenda na kurudi ikijiongezea nguvu. Kwa kuta zako zilizoachana mita 4, sauti hiyo ni ya hezi 43 hivi, yaani mitikisiko 43 kwa sekunde. Kwa zile za mita 3.2 ni hezi 54. Noti za besi zilizo karibu na hapo zitavimba kuliko wenzake, na zitavimba zaidi pale pale ulipoweka kochi, kwa kuwa mgandamizo wa mawimbi hayo ni mkubwa kabisa ukutani. Sogeza kochi mbele nusu mita au zaidi, ila usilifikishe katikati kabisa ya chumba, ambako besi hiyo hiyo hufifia hadi udhani spika ni mbovu. Halafu simama katikati ya chumba upige kofi moja. Ukisikia mlio mkali unaotetema baada ya kofi, kama waya ulioguswa, ujue kuta na vigae vinarushiana sauti, na hakuna amplifaya itakayokutibia hilo. Zulia nene kati ya kochi na spika, mapazia mazito na kabati la vitabu litakalovunja utupu wa ukuta vitakusaidia kuliko unavyodhani.

Nimeungua Mara Mbili

Naunga mkono maneno ya mzee wetu, na sababu ni kwamba niliyapuuza yote mawili, la chumba na la wati.

Mara ya kwanza nilinunua spika ndefu za sakafuni, kila moja ikiwa na wufa mbili (zile karatasi kubwa zinazotoa besi), baada ya kuzisikia katika ukumbi mpana wa duka ambamo zilinitoa machozi. Chumba changu kilikuwa kidogo kuliko chako. Nilipozifikisha nyumbani, gitaa la besi liligeuka mngurumo mmoja usio na noti, kitasa cha mlango kikawa kinatetema, na mwimbaji akawa kama anaimbia ndani ya pipa. Nilijaribu kuziba matundu ya nyuma ya spika kwa soksi zilizokunjwa (msicheke, dawa hiyo inajulikana na husaidia), na mngurumo ukapungua, lakini mwishowe niliziuza kwa hasara. Siku hizi nina spika ndogo zenye wufa moja ya sentimita 16 na twita moja (kile kipande kidogo cha sauti nyembamba), zikiwa juu ya stendi nzito, na ninasikia vidole vya mpiga besi vinavyohama kutoka waya hadi waya. Kwa chumba cha mita 4 kwa 3.2, mdogo wangu, usihangaike na spika ndefu. Kama utalazimika kuzisogeza spika karibu na ukuta, tafuta zilizofungwa kabisa bila tundu, au zenye tundu mbele, kwa maana ukuta wenyewe huongeza besi na hutaki nyongeza juu ya nyongeza.

Mara ya pili niliunguza twita. Watu hudhani spika huungua kwa amplifaya kubwa. Yangu ilikuwa ndogo, nikaipeleka kwenye sherehe ya uani na kufungua sauti hadi mwisho. Amplifaya inaposukumwa kupita uwezo wake hukata vilele vya mawimbi, na mawimbi yaliyokatwa hubeba nguvu nyingi ya sauti kali ambayo huishia kwenye twita, yenye waya mwembamba kama unywele. Dalili ilikuwepo: sauti ilianza kuwa na mkwaruzo, kama mtu anayeongea na kifua kimembana. Mimi nikaongeza badala ya kupunguza. Kwa matumizi yako ya chumbani hili halitakupata, lakini usiruhusu mgeni ashike kitufe.

Ukienda kusikiliza dukani, nenda na nyimbo tatu unazozijua kwa moyo, na usikubali kuchezewa za muuzaji. Sikiliza herufi za mwimbaji: "s" na "sh" zikichoma sikio leo, baada ya mwezi zitakufanya uzime muziki bila kujua kwa nini. Na uhakikishe spika zinazolinganishwa zinapigwa kwa ukubwa mmoja wa sauti, maana inayozidi hata kwa desibeli moja huonekana bora, na wapo wauzaji wanaoijua siri hiyo vizuri sana.

Mtunza Santuri

Nijibu swali la santuri peke yake, kwa kuwa mengine yamejibiwa na walionizidi.

Hapana, mashine ya santuri haiunganishwi na amplifaya yoyote tu. Kichwa cha sindano cha aina ya kawaida, kile cha sumaku inayotembea, hutoa milivolti 5 hivi, ilhali chombo cha sidii (CD) hutoa hadi volti 2, yaani mara 400. Tena santuri huchongwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti nyembamba ikiwa imeongezwa, kwa kanuni ya RIAA, chama cha viwanda vya santuri cha Marekani, ambayo viwanda viliifuata kuanzia miaka ya 1950, ili mifereji isiwe mipana kupita kiasi na mkwaruzo wa sindano upungue. Kwa sababu hiyo kinahitajika kisaidizi kinachokuza mkondo huo mdogo na wakati huo huo kurudisha besi mahali pake. Kisaidizi hicho huwa ndani ya baadhi ya amplifaya, na utakitambua kwa tundu lililoandikwa PHONO lenye skurubu ndogo ya waya wa ardhi (ethi) pembeni; huwa pia ndani ya baadhi ya mashine zenyewe, au huuzwa peke yake kama kisanduku. Ukiisahau hatua hiyo utasikia sauti ndogo na kali, kama redio iliyo ndani ya kopo. Ukiirudia mara mbili, kwenye mashine na kwenye amplifaya, utasikia kelele iliyopasuka. Ukisahau waya wa ardhi, utasikia mvumo wa umeme usiokoma.

Kabla hujanunua chochote, soma vibandiko vya santuri za marehemu. Zilizoandikwa 33⅓ na 45, yaani mizunguko kwa dakika, hupigwa kwa sindano ya kawaida. Zilizoandikwa 78, ambazo ni nzito na huvunjika kama sahani, zina mifereji mipana na huhitaji sindano yake maalumu. Sindano ya kawaida itazama chini ya mfereji na kukuletea kelele tupu. Epuka zile mashine za sanduku zenye spika ndani na mkono wa plastiki usio na uzani wa kurekebisha. Sindano nyingi za kawaida hutakiwa kugandamiza kwa gramu 1.5 hadi 2 hivi, na mkono usiorekebishika huenda ukagandamiza zaidi ya hapo na kuchakaza santuri ambazo huwezi kuzipata tena.

Ushauri wangu ni kwamba usinunue mashine sasa. Nunua amplifaya yenye tundu la PHONO, fedha ya mashine iende kwenye spika, na santuri zisimame wima mahali pakavu zikisubiri zamu yake.

Waya Mmoja

Nitatofautiana kidogo na mzee, kwa heshima zote. Kwa mtu anayeanza, mwenye chumba kidogo na anayecheza muziki kutoka kwenye simu, kwa nini tunamlazimisha kununua amplifaya ya kujitegemea? Zipo spika zenye amplifaya ndani yake, na katika zile zilizotengenezwa vizuri kila wufa na kila twita ina amplifaya yake, ambayo mtengenezaji ameipima kwa ajili ya kipande hicho hicho. Hakuna hesabu ya wati wala ya omu, na waya ni chache. Ninazitumia mwaka wa tano sasa.

Kuhusu chanzo cha muziki, usitumie fedha nyingi. Sidii ilipoingia sokoni mwaka 1982 ilipewa sampuli (vipimo vya wimbi la sauti) 44,100 kwa sekunde zenye biti 16 kila moja, na hizo zinatosha kubeba sauti hadi hezi 20,000, mpaka ambao masikio ya watu wazima wengi hayaufikii. Kigeuzi kidogo cha kubadilisha tarakimu za simu kuwa mkondo wa sauti, kikiunganishwa kwa waya, kitakutosha. Bluetooth hubana muziki kabla ya kuurusha, lakini kwa usikilizaji wa jikoni wala hutaona tofauti. Waya wa spika nao uwe wa shaba, wenye unene wa milimita mraba 1.5 au 2.5, maana kwa urefu wa mita tano ukinzani wake, kwenda na kurudi, ni karibu moja ya kumi ya omu. Anayekuuzia waya wa bei sawa na amplifaya anauza hadithi.

Jambo la mwisho: umesema utasikiliza kwa sauti ya chini. Watafiti wa usikivu Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti inapopungua, sikio hupoteza besi haraka kuliko sauti za kati. Usione aibu kuongeza besi kidogo kwa kitufe usiku. Wapo watakaokuambia kwamba vitufe vya besi ni vya wasiojua muziki. Waache wasikilize na jirani zao.

Fundi Mstaafu

Ndugu Waya Mmoja, sipingi. Spika zenye amplifaya ndani ni njia ya haki, na kama si santuri 60 ningemshauri hivyo hivyo. Hofu yangu ni ya kifundi: amplifaya ya ndani ikiungua mwaka wa saba, mara nyingi spika nzima hulala, wakati amplifaya ya nje hubadilishwa na spika zikabaki. Nimefungua chache, na baadhi zimegandishwa gundi ndani hata bisibisi haipiti.

Mgeni wa Sauti

Nawashukuru sana nyote. Nimefanya yale yasiyohitaji fedha. Nimelisogeza kochi sentimita 70 kutoka ukutani na kutandika zulia, na hata kile kijispika changu cha zamani kimeacha kuchoma sikio, jambo lililonishangaza. Nimeamua kuchukua amplifaya ya wati 40 yenye tundu la PHONO.

Kwa spika, nimeazimwa jozi ndogo ya zamani na mtu anayetaka kuniuzia. Ina usikivu wa desibeli 87, omu 8, na sanduku lisilo na tundu. Nimeiunganisha kwa amplifaya ya rafiki, lakini kuna kitu sikielewi: mwimbaji hatulii katikati, sauti yake iko kila mahali na hakuna mahali, na besi imekuwa dhaifu kuliko nilivyotarajia. Nikisogelea spika moja peke yake inapiga vizuri. Je, niirudishe? Pia ukingo wa wufa, ule unaozunguka karatasi, unaacha unga mweusi kidoleni ninapougusa.

Fundi Mstaafu

Hizo ni habari mbili tofauti, mwanangu. La kwanza karibu kwa hakika ni waya zilizopishana: spika moja inasukuma hewa wakati nyingine inavuta, besi zinauana, na mwimbaji anakosa pa kusimama. Zima amplifaya, uangalie kwamba tundu jekundu la amplifaya limekwenda kwenye tundu jekundu la spika pande zote mbili. Kama zimekaa sawa na tatizo bado lipo, huenda fundi wa zamani aligeuza waya ndani. Chomoa waya za spika, uchukue betri ya volti 1.5, uguse chanya kwenye tundu jekundu na hasi kwenye jeusi kwa mguso mmoja wa haraka; karatasi ya wufa inatakiwa kuruka nje. Itakayoingia ndani ndiyo iliyogeuzwa, nawe unageuza waya zake za nje tu, basi. Kisha panga spika ziachane mita 1.8, twita zikiwa usawa wa masikio yako ukiwa umeketi, nawe ukae umbali unaokaribia huo huo kutoka kila spika.

La pili ni zito zaidi. Ukingo unaoacha unga ni wa sponji, nayo sponji hiyo huoza kwa umri hata kama spika haikupigwa. Ikikatika, wufa itaanza kukwaruza. Inawezekana kubandika ukingo mpya ikiwa koili ya ndani (waya uliozungushwa nyuma ya karatasi) bado ni nzima: weka vidole viwili pande mbili za karatasi, uisukume ndani polepole na kwa usawa, huku umeinamisha sikio. Ikienda kimya bila kukwaruza, ni ya kutengenezeka, na bei ya ukingo na kazi ya fundi ikatwe kwenye bei ya spika kabla hujatoa fedha. Ukisikia mchakacho kama wa mchanga, mrudishie mwenyewe leo hii, ukimshukuru kwa kukuazima.

Mgeni wa Sauti

Waya za kushoto zilikuwa zimepishana. Sasa mwimbaji amesimama katikati kabisa, kama mita moja nyuma ya ukuta. Wufa zote mbili zimekwenda kimya. Kesho naenda kuzungumza bei.